Jarida la White Dwarf: linastahili bei yake, au tunamlipa mwenye duka atuonyeshe duka lake?

Ork_wa_Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Naleta jambo ambalo nyumbani kwangu limeshakuwa mjadala wa mezani. Nipo Uingereza, Derby, na mchezo wangu ni Warhammer 40,000. Kwa wasioujua: ni vita vya mezani. Unanunua visanamu vya plastiki, unavikata kwenye fremu, unavigandisha kwa gundi, unavipaka rangi, halafu unapanga jeshi lako mbele ya jeshi la mwenzako na mnamalizana kwa futi kamba na dadu. Jeshi langu ni la Orks, viumbe vya kijani vyenye kelele na magari ya kuungaunga. Aliyekulia Tabata hawezi kuchagua jeshi jingine.

Sasa kuna jarida la White Dwarf. Linatoka kila mwezi na linachapishwa na Games Workshop, haohao wenye Warhammer. Mwaka 2016 bei ilikuwa £5.99 na tangu hapo haijashuka. Ukigeuza kwa pesa ya nyumbani ni elfu ishirini na kitu kwa nakala moja. Nimekuwa nikinunua mojamoja dukani, ila sasa nafikiria kulipia mwaka mzima. Mama watoto kaniuliza swali moja tu: hiyo karatasi inakupa nini ambacho YouTube haikupi bure? Nikasema "subiri kidogo", na mpaka leo anasubiri.

Naomba msiniambie "pesa zako, fanya unavyotaka". Anayelisoma aseme anapata nini humo. Aliyeliacha aseme kwa nini.

Jirani_Mwema

Pesa zako mkuu, fanya unavyotaka.

Ork_wa_Tabata

Nilijua utakuja.

Kijana_wa_Pad

Mkuu hii ipo kwenye PS5?

Ork_wa_Tabata

Hapana mdogo wangu. Hii ni ya mezani, haina hata chaja.

Kijana_wa_Pad

Sawa, naweka kambi nijifunze.

Mhasibu_Mkali

Wadau sasa. Niko Nairobi, nacheza huo mchezo na kikundi kidogo, na nitakuwa wa kwanza kulirushia jiwe hilo jarida.

Chukua nakala yoyote ya karibuni ufunue. Visanamu ni vyao. Rangi ni za Citadel, ambazo ni zao. Riwaya zinazotajwa ni za Black Library, ambayo ni yao. Makala ya kupaka rangi inakutajia kila rangi kwa jina lake la dukani ili ukitoka hapo uende ukaitafute hiyohiyo. Hata hadithi za kubuni zinahusu kikosi ambacho kwa bahati nzuri kabisa boksi lake linatoka mwezi ujao. Hiyo ni katalogi. Katalogi mimi nimezoea kupewa bure, na anayenipa ananiomba niichukue.

Na msinidanganye ni kodi. Huko Uingereza jarida la kuchapwa halina VAT, ilhali visanamu vina asilimia 20. Kwa hivyo bei unayoiona kwenye jalada haijaguswa na serikali.

Hesabu yangu ni hii: zaidi ya elfu moja ya Kenya kwa nakala, ongeza kuisafirisha, na ukimaliza kusoma unatamani boksi la vikosi la zaidi ya £80. Kilichokugharimu hapo si jarida. Ni ile tamaa iliyokuja nalo.

Ork_wa_Tabata

Mkuu hiyo ya tamaa usiiandike kwa herufi kubwa, mama watoto anapita huku.

Bi_Brashi

Mhasibu, umesema kweli nusu, na nusu nyingine huioni kwa sababu wewe ni mtu wa dadu.

Mimi niko Mombasa na sichezi. Dadu sijui hata inarushwa vipi. Napaka tu. Binamu yangu yuko Birmingham, hunikusanyia nakala na kuniletea akija likizo, kwa hivyo ninayoyasoma mimi yameshapitwa. Bidhaa "mpya" zilizomo zilishatoka, zikanunuliwa, pengine zimeshaondolewa dukani. Mashindano yaliyotangazwa yameshakwisha na mshindi keshasahau. Basi nikiifungua nakala, zile kurasa za habari nazipita kama sizioni. Tena nashukuru, maana kinachobaki baada ya habari kuoza ndicho nilichokuwa nakitaka.

Kinachobaki ni nini? Kwanza picha za 'Eavy Metal, wale wapakaji wao wa ndani. Zimepigwa kwa taa nzuri, zimechapwa kwenye karatasi nzuri, unaona ukingo wa deraya ulivyopitishwa mstari wa mwanga mwembamba kuliko unywele. Pili, hatua za kupaka zilizopangwa moja kando ya nyingine. Tatu, picha za washindi wa Golden Demon, shindano lao la kupaka lililoanza 1987. Na nne, ile safu ya Blanchitsu waliyoipa jina la mchoraji John Blanche. Humo nimeona visanamu vilivyokatwakatwa na kuungwa upya, rangi za kutu na usaha, vichafu vya makusudi. Mtu ametoa kipande cha boksi hili na kichwa cha boksi lile, akatengeneza kitu ambacho hakiuzwi popote. Katalogi gani inakufundisha kutengeneza kisichouzwa?

Mhasibu_Mkali

Dada, hizo hatua za kupaka ziko YouTube, bure, na msanii anakuelezea kwa mdomo.

Bi_Brashi

Ziko, na naziangalia. Lakini video inakuonyesha mkono unaotembea. Mimi nataka kuiona hatua ya tatu imesimama kando ya hatua ya nne, niinamishe kichwa, nirudi, niende. Mkono mmoja una brashi, mwingine una kisanamu, vidole vyote vina rangi. Nani anasimamisha simu? Karatasi imelala wazi mezani na haiulizi nenosiri.

Na hizo rangi za kutajwa majina hazinisumbui. Sinazo nyingi. Naangalia ile rangi ya kwenye picha, natafuta ya akriliki ya kampuni yoyote inayokaribiana nayo, nachanganya. Wala jarida halinijui.

Mzee_Kete

Vijana, salaam.

Mimi asili yangu Unguja, lakini London nimefika zamani, hao mnaowaita wakongwe walikuwa bado wanaitwa wapya. White Dwarf nalijua tangu lilipokuwa jarida la watu wote, na ningependa mlijue hilo kabla hamjalihukumu hili la leo.

Games Workshop ilianzishwa London 1975 na vijana watatu: John Peake, Steve Jackson na Ian Livingstone. Peake alikuwa fundi wa mkono. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuuza mbao za michezo zilizochongwa: backgammon, Go, na mancala. Ndiyo, mancala, ukoo uleule wa bao letu. Kampuni ambayo leo inawauzieni mashetani ya plastiki ilianza kwa kuchonga mashimo ya kete. Kila nikilikumbuka hili hucheka peke yangu.

Kisha wakapata haki ya kuusambaza mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons Ulaya, biashara ikageuka, Peake akaondoka. Walikuwa na kijarida kikiitwa Owl and Weasel. Mwaka 1977, toleo la Juni na Julai, White Dwarf namba moja ikatoka, mhariri Livingstone. Ilikuwa kila miezi miwili, bei peni 50. Ndani ni nyeusi na nyeupe, kurasa chache.

Lakini yaliyoandikwa humo! Kulikuwa na Dungeons & Dragons, Traveller, RuneQuest, michezo ya kampuni mbalimbali. Kulikuwa na safu ya Open Box iliyopitia michezo mipya na kuipa alama kati ya moja na kumi, na iliyostahili kupigwa ilipigwa. Kulikuwa na Fiend Factory, ambako wasomaji walituma majini na madude waliyoyabuni wenyewe. Mengi ya madude hayo yalikuja kukusanywa kwenye kitabu cha Fiend Folio mwaka 1981. Wale madude waitwao githyanki waliletwa na Charles Stross akiwa bado kijana wa shule. Leo ni mwandishi wa riwaya anayefahamika.

Kijana_wa_Pad

Subiri mzee. Githyanki hawahawa wa gemu ya Baldur's Gate 3? Yule Lae'zel wa humo ametoka kwenye jarida?

Mzee_Kete

Jamaa zake, ndiyo. Wametoka kwa msomaji wa jarida, mwaka 1979.

Naendelea. Miaka ya 80 kampuni ikawa na michezo yake yenyewe: Warhammer 1983, kisha Warhammer 40,000 mwaka 1987. Shughuli zikahamia Nottingham. Kufikia mwisho wa muongo huo michezo ya watu wengine ilikuwa imeshatolewa kurasani, ikabaki ya nyumbani tu. Wasomaji wengi wa zamani walinung'unika. Wachache tuliendelea kununua huku tunanung'unika.

Kwa hiyo Mhasibu, mimi sina ugomvi na bei. Nikikadiria mfumuko, zile peni 50 leo ni kati ya £3 na £4, na ulipata kijarida chembamba kisicho na rangi. Leo unapata zaidi ya kurasa mia, zote za rangi. Kwa karatasi na wino, mtu hajakuibia. Nilichokipoteza mimi ni Open Box. Hutasoma humo leo kwamba kisanamu fulani kimechongwa vibaya, au kwamba jeshi fulani limevurugwa na sheria mpya, au kwamba kuna mchezo wa kampuni nyingine ulio bora zaidi na wa bei nafuu. Utamuulizaje muuza samaki kama samaki wake wamelala?

Ukitaka starehe, nunua. Ukitaka ushauri wa wapi upeleke pesa zako, pale si mahali pake, hata wangeligawa bure.

Ork_wa_Tabata

Mzee shikamoo, na asante. Hiyo ya mancala nimemsomea mwanangu hakuamini, ameenda kuhakikisha mwenyewe.

Mzee_Kete

Marahaba mwanangu. Mwache ahakikishe.

Chumvi_Kidogo

Naona watu mnazungumza rangi na historia, hakuna aliyegusa sheria. Wengi wetu tulikuwa tunalinunua kwa ajili ya sheria za nyongeza: kikosi kipya, misheni mpya, kanuni za jeshi lako ambazo kitabu kikubwa hakina.

Sasa angalieni tarehe. Edisheni ya nane ya sheria za Warhammer 40,000 ilitoka Juni 2017. Ya tisa Julai 2020. Ya kumi Juni 2023. Kila miaka mitatu meza inapinduliwa. Na ilipoingia ya kumi, sheria za majeshi yote ziliwekwa mtandaoni bure kwa kuanzia. Maana yake zile kurasa za sheria za edisheni ya tisa ulizozinunua jaridani mwezi baada ya mwezi zikawa karatasi siku hiyohiyo. Aliyenunua Januari 2023 alizitumia miezi mitano.

Anayecheza mashindano pia ana tatizo jingine: marekebisho ya pointi, yaani thamani ya kila kikosi, yanatoka mtandaoni mara kwa mara, na jarida lilishakwenda kiwandani wiki nyingi kabla. Karatasi haiwezi kushindana hapo.

Ork_wa_Tabata

Chumvi, umenichoma panapouma. Sababu yangu kubwa ya kununua ilikuwa hizo sheria.

Mhasibu_Mkali

Hapo sasa tunaelewana!

Daktari_wa_Dadu

Habari zenu kutoka Toronto. Mimi si mtu wa Warhammer, ni wa michezo ya vita vya kihistoria: ramani ya karatasi, vipande vidogo vya kadibodi, na kitabu cha sheria kinachohitaji miwani. Nimeingia kwa sababu ya neno "bei", maana jarida langu mimi linagharimu mara kadhaa ya hilo lenu na sijawahi kusikia mtu akiliita katalogi.

Linaitwa Strategy & Tactics. Lilianzishwa 1967 na Chris Wagner. Mwaka 1969 likachukuliwa na Jim Dunnigan wa New York, na kuanzia namba 18 ya mwaka huo akaingiza kitu ambacho kilibadilisha mambo: mchezo kamili ndani ya jarida. Unafungua, unakuta ramani, vipande, sheria, na makala ndefu kuhusu vita vyenyewe. Hununui kitu kingine. Jioni hiyohiyo unacheza.

Na si hilo tu. Kampuni ya Dunnigan, SPI, ilikuwa inaweka maswali kwenye kila toleo: mchezo gani ulipendeza, mada gani tuifanyie kazi baadaye, upo tayari kuununua? Wasomaji walirudisha majibu kwa posta, na majibu yale ndiyo yaliyoamua michezo ipi itengenezwe. Yaani pesa yako ilikununulia sauti. SPI yenyewe ilianguka 1982 ikamezwa na TSR, kampuni nyingine ya michezo, jarida likapita mikono kadhaa, sasa liko kwa Decision Games, na bado mchezo umo ndani.

Sasa White Dwarf ilipowekewa kisanamu, Septemba 2016, ilikuwa sherehe. Kisanamu kimoja, Slaughterpriest, bure na jarida. Watu waliligombania. Kwangu mimi hilo linaonyesha msomaji alikuwa na kiu kiasi gani ya kupewa kitu anachoweza kukishika.

Bi_Brashi

Huyo Slaughterpriest ninaye! Nimempaka mara mbili.

Mhasibu_Mkali

Daktari umefungua mlango. Kama ni jarida lenye kitu ndani, basi kulikuwa na Conquest, jarida la Warhammer la wachapishaji Hachette, mwaka 2018. Hilo lilitoka kila wiki, toleo la kwanza £1.99, baadaye £7.99. Ghali kuliko White Dwarf, na kila wiki! Lakini ndani mna visanamu au rangi, na ukipiga hesabu ya plastiki ile kwa bei ya dukani, unaondoka na faida. Watu walikuwa wananunua mawili mawili ya toleo wanalolitaka. Kurasa zilikuwa za kumfundisha anayeanza, nyingi ziliishia kwenye pipa la karatasi.

Kwa hivyo ghali si neno la maana. £7.99 yenye kikosi ndani ni rahisi. Bei ya White Dwarf yenye picha ya kikosi ndani ni ghali. Ni hayo tu nasema.

Bi_Brashi

Kwa mtu anayetaka kikosi. Mimi nataka picha.

Chumvi_Kidogo

😂 Mhasibu hapo ukubali tu.

Mhasibu_Mkali

Sikubali, nanyamaza kwa heshima ya dada.

Daktari_wa_Dadu

Anayeitamani Open Box ya Mzee Kete asikate tamaa, kazi ile inafanywa na wengine. Wajerumani wana spielbox tangu 1981, inapitia michezo ya bodi ya kampuni zote, na mara nyingi huweka kipande cha nyongeza cha mchezo fulani ndani. Uingereza kuna Senet, ya 2020, mara nne kwa mwaka, imechapwa vizuri mno, inaongea sana kuhusu wachoraji na wabunifu. Na nyinyi mnaoishi huko mnasahau kadi ya maktaba. Maktaba nyingi za mitaa zinakupa majarida kwa simu kupitia programu ya Libby bila kulipa senti, na ya michezo yamo.

Ork_wa_Tabata

Kadi ya maktaba ninayo, naitumia kwa vitabu vya mtoto tu. Hilo nalichukua.

Kijana_wa_Pad

Swali la mshamba. Mbona kwetu wa gemu za video majarida yamekufa na hili bado linatoka? Game Informer lilifungwa Agosti 2024, miaka 33 imeisha hivihivi, mpaka tovuti ikazimwa. Mwaka uliofuata mnunuzi mpya akalifufua, lakini roho zilituruka.

Mzee_Kete

Si swali la mshamba hata kidogo.

Jarida la kawaida linaishi kwa matangazo na wasomaji. Matangazo yakihamia mtandaoni, linakufa. Lile la Dragon, la Dungeons & Dragons, lilianza 1976 na kufika namba 359, na mwaka 2007 uchapaji ukakoma kwa sababu wenye jina waliona mtandao unatosha. White Dwarf haliishi kwa matangazo ya watu wengine. Halina hayo. Linaishi kwa sababu mwenye nalo anauza kitu kingine, na anakiuza kwelikweli: Desemba 2024 kampuni hiyo imeingia FTSE 100, miongoni mwa kampuni mia kubwa za soko la hisa la London. Mwezi Mei mwaka huohuo jarida lilifikisha toleo la 500.

Kwa hiyo kile alichokilalamikia Mhasibu, kwamba ni duka, ndicho kilicholiweka hai. Jarida huru nililolipenda mimi, kama lingebaki huru, huenda lingekuwa kaburini na Dragon. Sifurahii kulisema, lakini ndivyo ninavyoona.

Mhasibu_Mkali

Mzee hiyo nimeimeza na maji. Ila hata wao walishawahi kuzidisha. Nani anakumbuka 2014?

Bi_Brashi

Usinikumbushe. Februari 2014 jarida likakatwa vipande viwili. White Dwarf ikawa ya kila wiki, nyembamba, £2.40. Na kando yake likaja Warhammer Visions la kila mwezi, £7.50, picha tupu na maelezo mafupi. Ukitaka vyote unatoa zaidi ya £17 kwa mwezi. Na mimi ninayependa picha ndiye nilipaswa kulifurahia Visions, lakini wapi! Picha bila hatua za kupaka ni kuangalia vya watu. Hainifundishi kitu. Katikati ya 2016 mpango ule ukafa, Septemba likarudi la kila mwezi.

Chumvi_Kidogo

Kuna njia ya tatu hamjaitaja. Warhammer+, usajili wao wa mtandaoni, ilizinduliwa Agosti 2021 kwa £4.99 kwa mwezi. Humo kuna katuni na video, lakini kwa uzi huu cha muhimu ni kwamba kuna hazina ya matoleo ya zamani ya White Dwarf ya kusoma kwenye skrini. Wakati huo ilikuwa chini ya bei ya nakala moja ya karatasi. Aliye Nairobi au Dar halipii usafiri.

Mhasibu_Mkali

Hii sasa ni hesabu tamu. Bado ni duka lao, lakini angalau naona maghala yote kwa kiingilio kimoja.

Mzee_Kete

Na ukiacha kulipa?

Chumvi_Kidogo

Mlango unafungwa, mzee. Huna kitu.

Mzee_Kete

Basi. Mimi zangu za miaka ya 80 ziko kabatini, hazijui kama nimelipa mwezi huu.

Jirani_Mwema

Pesa zenu jamani.

Ork_wa_Tabata

Wakuu, nimewasoma wote. Jana usiku nimelishusha rundo langu lote sakafuni nikafanya alivyosema Bi Brashi bila kukusudia: nikayatenga ya habari, ya sheria, ya hadithi, ya kupaka, na ripoti za mapambano. Nikajiuliza zipi niliwahi kuzirudia.

Za habari hakuna hata moja. Za sheria, zile za zamani zimekufa kama Chumvi alivyosema. Hadithi nilizisoma mara moja zikatosha. Lakini ripoti za mapambano, jamani, zile zina alama za vikombe vya chai. Kuna moja ya Orks nimeisoma mpaka imelegea kwenye pini. Hakuna aliyezitaja humu na nashangaa. Watu wawili wanaandika mchezo wao raundi kwa raundi, ramani inaonyesha nani alisogea wapi, kila mmoja anajitetea kwa nini alifanya upuuzi alioufanya. Video za mapambano ziko tele, ninaziona, lakini saa mbili za kuangalia watu wakirusha dadu ni ndefu. Ripoti naisoma kwenye basi la kwenda kazini, nikishuka vita vimekwisha.

Kwa hiyo uamuzi ni huu. Usajili wa mwaka hapana. Nitasimama dukani, nitafunua. Kukiwa na ripoti ya pambano inayonihusu, au Orks wamepakwa namna ambayo sijaiona, nachukua. Nikikuta bidhaa mpya kuanzia jalada mpaka jalada, narudisha rafuni. Ushauri wa nini cha kununua nitautafuta kwa watu wasiouza. Mama watoto nimempa majibu hayo kaguna, na kwake hiyo ni ndiyo.

Mhasibu_Mkali

Huko kusimama dukani ukifunua, mwenye duka hakuangalii vibaya?

Ork_wa_Tabata

Ananiangalia. Namnunulia rangi moja ya kijani, tunaelewana.

Bi_Brashi

Na hizo za sakafuni unazipeleka wapi? Usiniambie pipani.

Ork_wa_Tabata

Dada, ulivyouliza tu nimeelewa. Nikienda nyumbani napitia Nairobi kwenye kuunganisha ndege, naweza kuzibeba mpaka hapo. Ripoti za mapambano nabaki nazo, zilizobaki ni zako.

Mhasibu_Mkali

Zikifika Nairobi zinafikia kwangu. Nizipokee mimi, nizisome, kisha nizishushe Mombasa kwa treni.

Bi_Brashi

Wewe? Za katalogi?

Mhasibu_Mkali

Nazipokea kwa niaba yako tu.

Kijana_wa_Pad

Mzee Kete, hilo toleo la githyanki unalo? Piga picha ukurasa mmoja basi tuone.

Mzee_Kete

Lipo chini ya mengine. Nikipata mtu wa kunishushia boksi Jumamosi nitakutafutia.

Ork_wa_Tabata

Bi Brashi na Mhasibu, nitumieni namba faraghani, sio hapa uzini. Mzigo ni mzito, nitauliza kwanza uzito unaoruhusiwa halafu niwaambie zipi zinatangulia.